Mawe Yaliyozidi Mashuuru

Jumatatu, 24 Machi. Kitengela

Naanza daftari jipya kwa sababu la zamani limejaa ugomvi. Hili nalo litajaa, najijua, lakini angalau ugomvi wake utakuwa wa filamu.

Leo nimekaa saa tano nzima na Lemein katika chumba cha juu cha hoteli iliyo karibu na stendi, tukipitia muswada wangu. Lemein ndiye mwongozaji. Ana miaka ishirini na tisa, amezaliwa Isinya, amekulia hapa Kitengela, na anavaa kofia ndani ya nyumba. Kila nikimpinga anasema, "Sawa, Mwalimu," na hiyo sawa yake ni laini kama uji. Nimewahi kugombana na wahariri, maaskofu na madiwani wawili. Na uji sijui mtu anagombanaje.

Filamu ni ya watoto. Miaka minne iliyopita watafiti walifukua sakafu ya pango moja nyuma ya Mashuuru, wakakuta mifupa ya mtoto wa miaka mitano hivi, aliyezikwa maelfu ya miaka kabla ya nchi hii kuwa na jina. Shingoni alikuwa na shanga sitini na moja za ganda la yai la mbuni. Magazeti yaliandika juu ya maprofesa. Mimi katika safu yangu niliandika juu ya mtoto, na juu ya yule aliyekaa akizitoboa shanga hizo moja moja akijua mwenye kuvaa hataamka. Makala hayo ndiyo yaliyomleta Lemein mlangoni kwangu.

Hadithi ni hii. Watoto watatu wa Mashuuru wanagundua kwamba liko kaburi la pili, halijaguswa. Wezi wa vitu vya kale wanalitafuta. Watoto wanafika kwanza, wanalifukua, wanazipata shanga, wanakimbia nazo huku wezi wakiwa nyuma yao. Gakuru, mwenye kampuni, alitaka mwishoni profesa mgeni ashuke na helikopta awaokoe. Nilimwambia kwamba kama helikopta hiyo itatua kwenye ukurasa wangu, mimi nitapanda niondoke nayo. Helikopta imekufa. Leo nalala vizuri.

Alhamisi, 27 Machi. Mashuuru

Vumbi tupu. Mvua ilitabiriwa wiki iliyopita, lakini anga ni jeupe kama sahani.

Tumepata mahali pa onyesho la 41, lile la kufukua kaburi. Ni ukingo wa korongo kavu, kwenye ardhi ya Gideon, mzee wa kanisa ambaye mazungumzo yake huanza na bei ya ng'ombe na kuishia hapo hapo. Binti yake, Naisula, ndiye atakayeigiza mhusika mkuu. Njia ya miguu inapita kando, kutoka kisimani kwenda sokoni.

Nilimsimamia Mugo, fundi wetu wa seti, akijenga kaburi. Yeye alitaka kifusi cha udongo na msalaba wa matawi. Nikamfungulia kitabu cha mila, nikamsomea kwamba watu wa huku, mzee mkubwa akizikwa, humfunika kwa rundo la mawe, na mpita njia huongeza jiwe lake. Katika pango halisi hapakuwa na rundo lolote, hilo nimeliongeza mimi. Kamera inapenda mawe. Mugo alijenga mpaka jua likazama, na alipomaliza nilimpa mkono. Ungeapa kwamba limekuwepo tangu babu zao.

Ijumaa, 28 Machi

Vumbi. Nimerudi Kitengela kufua.

Jumatatu, 7 Aprili. Mashuuru

Shule zimefungwa, tumeanza kupiga picha. Tuna wiki tatu, na mvua ikija mapema tuna wiki mbili.

Naisula ana miaka kumi na mmoja na mwanya mpana wa meno ya mbele. Anajua maneno yake na ya wenzake wote, na wakisahau anawanong'oneza bila kugeuza shingo. Mbele ya kamera ni kama mtu aliyekumbuka jambo la kweli. Nimefundisha watoto miaka kumi na minane na nimeona wa namna hiyo wawili.

Analetwa kila siku na bibi yake, Nailantei, mama yake Gideon. Kikongwe huyu anakaa juu ya mtungi wa plastiki aliougeuza, anatunga shanga, hasemi neno. Nilimwamkia kwa Kiswahili, akaitikia kwa kichwa. Nadhani hakielewi.

Jumanne, 8 Aprili

Ciku ana kazi ya kupiga picha ya kila kitu jioni, ili kesho yake kila kitu kifanane na jana. Kazi ya mtu mwenye kinyongo, nayo inamfaa. Leo asubuhi alikuja na tableti yake. "Mwalimu, kaburi imenona. Mawe yamezidi matatu."

Alinionyesha. Kweli, matatu. Aliyatoa akayarusha korongoni, tukaendelea.

Jumatano, 9 Aprili

Mawe manne. Ciku anadai ni watoto wanacheza. Watoto wanaapa si wao.

Alhamisi, 10 Aprili

Sita. Moja ni jeupe, linang'aa, la ukubwa wa nyanya. Yote korongoni.

Ijumaa, 11 Aprili

Saba. Mugo aliwahi kufika alfajiri akamwona mwenye bodaboda akisimamisha pikipiki, na abiria wake nyuma na kuku wawili. Alishuka, akaokota jiwe, akaliweka juu ya rundo, akapanda, wakaenda zao. Hakutazama kushoto wala kulia.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nilimwambia Lemein kwamba hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambazo muswada wangu umewahi kupata: mpita njia ameamini. Lemein hakucheka sana. Alisema labda tuongee na Gideon kuhusu hayo mawe. Nikamuuliza tuongee nini. Akasema, "Sawa, Mwalimu."

Jumamosi, 12 Aprili

Tisa. Mawingu upande wa vilima, ya kwanza mwaka huu. Ng'ombe wanainua pua.

Jumatatu, 14 Aprili

Jana hatukupiga picha, kwa hiyo asubuhi tulikuta mawe kumi na manne ya siku mbili. Niandike yote yaliyofuata, hata yanayoniuma.

Ciku alikuwa akirusha mawili ya mwisho korongoni, wanawake watano walipotokea njiani na madumu ya maji. Walisimama. Mmoja alisema jambo kwa Kimaa, lugha yao, si kwa sauti, na wote wakatua madumu chini. Mmoja wao akakimbia. Baada ya nusu saa tulikuwa na watu kama arobaini kwenye ukingo wa korongo, na Gideon mbele yao, shati limefungwa vifungo vibaya.

Aliniita pembeni. Gideon ana heshima zake.

"Mwalimu, hapa mtu akipita kaburi anaweka jiwe. Hatuulizi ni ya nani, kwa sababu marehemu haitwi jina. Kila mtu ameona kaburi mpya kwa shamba yangu, akasema Gideon amefiwa, akaweka, akanyamaza. Hata mimi nimepewa pole ya macho wiki nzima na sikujua ni ya nini. Sasa wamewapata mkitupa."

Nikamwambia hakuna maiti pale, ni mawe ya Mugo.

"Mimi najua. Ambia wao."

Nikawaambia. Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu mwingine angesema samahani akakaa. Mimi nilisimama juu ya sanduku la taa nikatoa somo la dakika ishirini: filamu ni nini, seti ni nini, kwamba jiwe ni jiwe. Lemein alitafsiri, na nikaona tafsiri yake ni fupi kuliko maneno yangu, nikamwambia mbele ya watu atafsiri yote. Mzee mmoja akauliza kama ni kweli hawa watoto watakuja kulifukua rundo hilo kwa mikono yao. Nikajibu ndiyo, Jumatano, na nikaeleza kwa nini ni jambo jema. Mtoto anayefundishwa kuogopa udongo hatajua kamwe kilicho chini yake. Sentensi nzuri. Nimeitumia kwenye makala mara tatu.

Nailantei aliinuka kutoka kwenye mtungi wake. Alimshika Naisula mkono wakaondoka. Wale watoto wengine wawili wakafuata. Watu wakafuata watoto. Tukabaki na kamera, mawe, na mawingu.

Usiku huu najiuliza swali moja tu. Nilijua wanaongeza mawe, nimelisoma. Kwa nini sikujua kwamba hawaulizi jina? Nimefungua kitabu. Lipo, mistari sita chini ya pale nilipoishia kumsomea Mugo.

Jumanne, 15 Aprili

Hakuna mtoto aliyekuja. Nimeandika safu ya wiki hii kwa saa moja na nusu, bila kusimama. Naitaja Mashuuru kwa jina. Nauliza tutatengenezaje wanasayansi katika nchi ambayo watu wazima wanatishwa na rundo la kokoto lililojengwa na fundi kutoka Kitengela. Imetoka moto. Nimeituma kabla haijapoa.

Jumatano, 16 Aprili

Gakuru amepiga simu kutoka Nairobi. Anasema tuna mpaka Jumanne ijayo. Onyesho la 41 lisipopatikana, atachukua mtoto mwingine, ana mmoja tayari kule Ngong, na kurudia kila kitu kwenye machimbo ya mawe yasiyo na wenyewe. Maana yake kila alichofanya Naisula kitatupwa. Nilimwambia ni ukatili. Akasema ni ratiba.

Mchana Naisula alikuja peke yake, amekimbia. Alisimama mlangoni pa hema na sare ya shule, sijui kwa nini sare.

"Mwalimu, ni kweli wanaleta msichana wa Ngong?"

Nikamwambia bado haijaamuliwa.

"Mimi naweza chimba. Siogopi. Lakini nikifika nyumbani, Koko akiniuliza leo ulifanya nini, nitamwambia nini?"

Koko ni Nailantei, bibi yake. Nilikuwa na majibu manne, yote mazuri. Nilimwangalia nikaona hakuna hata moja linaloweza kubebwa na mtoto mpaka nyumbani. Nikamwambia arudi kabla hawajamtafuta.

Alhamisi, 17 Aprili

Safu imetoka. Asubuhi niliisoma kwenye simu nikaridhika nayo, nakiri. Mchana nilikwenda kunywa chai kwenye hoteli ya sokoni. Wanaume kama kumi walikuwa wamekaa meza ya dirishani, na mwalimu mmoja kijana alikuwa akisoma kutoka kwenye simu, sentensi moja kwa Kiswahili, kisha kwa Kimaa. Ilinichukua muda kutambua maneno yangu. Yalivyotoka kinywani mwake, polepole, na kimya baada ya kila sentensi, yalikuwa maneno ya mtu anayepiga kelele ndani ya nyumba ya watu. Hakuna aliyenitazama. Mhudumu aliniletea chai, akaweka sukari karibu, akaondoka.

Wangenitukana ningejua la kufanya.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Leo Lemein aliniambia twende kwa Nailantei. Hakuniuliza, aliniambia. Njiani alivua ile kofia akaikunja mfukoni.

"Mwalimu, nisaidie na kitu moja tu leo," akasema. "Usianze."

"Nisianze nini?"

"Hiyo. Usianze."

Tuliwakuta wametoka kanisani. Gideon alitutolea viti nje, akaenda kwa ng'ombe wake, nadhani makusudi. Nailantei alikaa chini ya ukuta penye kivuli. Lemein aliinamisha kichwa, akaguswa utosini kama mtoto. Kisha tukaletewa chai, tukanywa. Kwangu ulikuwa muda wa kuandika kitabu.

Ndipo kikongwe akasema, kwa Kiswahili, "Chai iko na sukari ya kutosha?"

Nikamwambia iko. Nikaongeza kwamba sikujua anaelewa Kiswahili. Akasema alifanya kazi ya jikoni Kajiado miaka tisa, kwa Wahindi, na kule hakuna aliyejua Kimaa. Akasema pia amesikiliza mazungumzo yetu yote tangu siku ya kwanza, na kwamba mimi naongea na Lemein kama anayeswaga punda. Lemein alitazama kikombe chake.

Nilimwomba msamaha kwa mawe. Nilisema hatukujua watu wanaamini kuna mtu pale.

"Wengine wanaamini," akasema. "Mimi nilikuwa najua ni tupu. Nilikuwa naenda kwa maji, nikaona fundi anajenga, na wewe unamsomea kitabu. Nikasema, huyu mama anajenga kaburi kama anajenga choo, na ramani."

"Na bado uliweka jiwe?"

"Ile nyeupe ni yangu."

Kisha akaniambia. Nitaandika alivyosema, nisiongeze. Katika ukame wa mwaka wa themanini na nne alikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu, dada yake Gideon. Zamani hizo, akasema, watu wa kawaida kama wao walikuwa hawachimbi makaburi. Mtoto alipelekwa porini, akalazwa kwa ubavu, akapewa nyasi mkononi, na waliompeleka wakarudi bila kutazama nyuma. Jina lake halikutajwa tena, hata siku moja. Hakuna mahali. Hakuna kitu cha kuonyesha kwa kidole. Gideon mwenyewe hajui upande upi.

"Kama hapo ndani kungekuwa na mtu," akasema, "ingekuwa kaburi ya huyo mtu. Lakini ni tupu. Basi iko nafasi. Si mimi peke yangu. Hao mama wa maji, unafikiri walikuwa wanaweka ya nani?"

Akanigeukia.

"Ile mtoto ya pango. Ilikuwa na shanga. Wamemrudishia?"

Nikamwambia shanga ziko mjini, ndani ya kabati, kila moja na namba yake, zinatunzwa vizuri.

"Na yeye?"

"Kabati nyingine."

Aliitikia kwa kichwa, kama siku ile ya kwanza. Miaka minne nimeandika juu ya mtoto yule. Nimempigania magazetini na kwa wenye filamu. Sikuwahi kuuliza hilo.

Mwishoni nilimuuliza anataka tufanye nini. Akasema kufukua hapana, na kwa mjukuu wake hapana kabisa. Na yale mawe tuliyotupa, akayataka. "Kabla maji haijafika," akasema, na kidevu chake kikaonyesha vilima. Kule kulikuwa kweusi.

Jumamosi, 19 Aprili

Arobaini na matatu. Ciku alikuwa na hesabu kamili, maana kila asubuhi alipiga picha kabla ya kutoa na baada ya kutoa. Nilimcheka wiki mbili kwa tableti hiyo. Leo ndicho kitu pekee tulichokuwa nacho. Korongo lina mawe milioni, na alikaa ukingoni akipanua picha kwa vidole viwili, akipiga kelele: la kijivu lenye ufa, jekundu kama ini, lile bapa lenye doa.

Tulishuka wote. Mugo, watu wa taa, mimi na magoti yangu. Baada ya saa moja wale wanawake wa madumu walikuja, wakatutazama kidogo tukihangaika, mmoja akasema jambo lililowachekesha wenzake, wakashuka pia. Lemein alinitafsiria bila kuombwa: kwamba tunatafuta mawe kama watu waliopoteza mbuzi. Kisha Naisula na wale watoto wawili wakashuka mbio.

Lemein alikwenda kwa Nailantei, akachuchumaa, akamuuliza kama anaweza kuwasha kamera. Kikongwe akafikiri. Akasema ipigwe picha ya mikono na ya watoto, sura za watu wazima ziachwe. Lemein akasema asante, akaweka kamera chini, usawa wa mikono. Hakumpanga mtu. Hakusema rudia. Nilitaka kumshauri jambo kuhusu mwanga, nikakumbuka ombi lake la jana, nikaokota jiwe.

Saa tisa na nusu kulikuwa na mvua vilimani, kwetu bado kukavu. Ciku akahesabu thelathini na nane, thelathini na tisa. Jeupe halikuwa limeonekana. Gideon alisimama ghafla akasema kila mtu atoke. Mimi sikusikia chochote. Yeye alikuwa amesikia. Tukapanda, tukivutana kwa mikono, na wakati huo ndipo Naisula alipoliona jiwe la bibi yake, chini ya mzizi, upande wa pili.

Alikimbilia kule.

Maji ya korongo hayaji kama maji. Yanakuja kama lori linalomwaga kokoto, mbele yake matawi na povu la rangi ya chai. Lemein aliiacha kamera ukingoni ikirekodi peke yake, akaruka chini. Sikuwahi kuona mtu akikimbia vile. Alimfikia, akamtupa begani kama mwana-kondoo, na hawakuweza kurudi upande wetu, wakapanda ukingo ule mwingine kwa kushika mizizi. Maji yakapita pale walipokuwa wamesimama. Tulikaa pande mbili tukitazamana, mto mzima katikati, Gideon ameshika kichwa, na Naisula kule ng'ambo ameinua mkono. Alikuwa nalo.

Walirudi jioni kwa kuzungukia daraja, kwa pikipiki. Mawe matatu hatukuyapata. Nilikwenda kumwambia Nailantei, nikiwa tayari kwa lolote. Akasema mto pia una watu wake.

Mugo alisogea kuyapanga mawe vizuri juu ya rundo. Gideon akamzuia kwa mkono. Kila mtu aliyekuwa hapo akaweka mwenyewe.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Mvua. Mvua. Mvua. Hema linavuja juu ya kitanda changu.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimeandika upya onyesho la 41. Sasa wanaofukua ni wezi. Wanalivunja rundo, wanakuta patupu, wanayasukuma mawe korongoni kwa hasira, na watoto wanashuka kuyatoa kabla ya mafuriko. Hakuna hazina. Naisula anarudisha jiwe la mwisho, filamu inaisha. Kurasa nne. Maneno mapya ni kumi na sita, mengine yote tunayo tayari kwenye kamera. Wezi tutawapiga picha kwenye rundo lingine, Mugo atalijenga ndani ya ghala lake Kitengela, ambako hakuna mpita njia.

Gakuru alipiga simu saa nne. Nikamweleza.

"Watoto wanataka kuona hazina, Mwalimu. Hii ni filamu ya watoto."

Nikamwambia naijua hoja hiyo vizuri kuliko yeye, kwa sababu wiki iliyopita niliitetea mbele ya watu arobaini nikiwa juu ya sanduku, na ni hoja mbovu. Nikamwambia Naisula hatafukua kaburi. Akitaka msichana wa Ngong amchukue, na jina langu alifute, na nitaeleza kwenye safu yangu kila Alhamisi mpaka nistaafu kwa nini nilifutwa. Akasema sasa namtisha. Nikamwambia ndiyo. Kumbe kelele zangu zina kazi, mradi zielekezwe kwa mtu anayestahili.

Lemein akanipokonya simu, kwa upole lakini kweli alinipokonya. "Gakuru, angalia kwanza kile nimekutumia. Dakika nne. Halafu upige." Akakata.

Jumanne, 22 Aprili

Siku ya mwisho aliyotupa. Mvua nyepesi. Gakuru hakupiga asubuhi. Hakupiga mchana. Naisula alikaa hemani kwetu na Nailantei, sare ya shule tena, nikaelewa sasa: anaivaa akiogopa. Nilimfundisha kucheza karata, akanishinda mara tatu.

Simu ililia saa kumi. Lemein aliweka sauti ya nje. Gakuru akauliza yule mtoto aliyeinua mkono ng'ambo ya mto aliambiwa na nani ainue.

"Hakuna mtu," akasema Lemein.

"Na ile mikono?"

"Hakuna mtu."

Gakuru akasema tumalize vile vipande vilivyobaki kabla shule hazijafunguliwa, na msichana ni huyo huyo. Naisula alikuwa ameshika karata zake, hakuziweka chini. Alimtazama bibi yake. Nailantei akamwambia kwa Kimaa jambo fupi. Nilimuuliza Lemein baadaye. Alisema ni, "Cheza, huyu mama anangoja."

Alhamisi, 24 Aprili

Safu yangu ya leo ina maneno mia mbili. Inasema niliandika wiki iliyopita juu ya watu wa Mashuuru bila kuwauliza kitu, na kwamba nilikosea, na nilikosea wapi. Juu ya Nailantei sikuandika hata herufi moja. Mhariri alipiga simu kuuliza maneno mengine mia sita yako wapi. Nikamwambia hayapo. Akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumemaliza. Naisula anarudi shuleni Jumatatu. Amenikumbusha kwamba nilitumia neno moja vibaya katika ukurasa wa tisa, na yuko sahihi.

Mkataba wetu na Gideon unataka tuache ardhi kama tulivyoikuta, kwa hiyo leo mimi na yeye tulizunguka na fomu. Ina safu tatu: kitu, mwenyewe, kimeondolewa au kimebaki. Mahema, ya kampuni, yameondolewa. Taa, za kampuni, zimeondolewa. Uzio wa Mugo, umeondolewa. Nyasi zimeanza kuchipua hata pale gari la jenereta lilipokaa.

Tulifika kwenye rundo. Limekua tena, limenipita kiuno. Nailantei alikuwa akipita na kuni mgongoni. Niliandika: rundo la mawe. Nikaandika: limebaki. Safu ya katikati, ya mwenyewe, ikanishinda, nikamuuliza Nailantei niweke jina la nani. Alinitazama kama mtu anayemngoja mtoto mzito wa kuelewa, kisha akaendelea na safari yake.

Nikaiacha wazi. Gideon alipokea fomu, akaisoma kwa kidole mstari kwa mstari, akifika pale akairuka ile nafasi bila kuuliza, akaweka sahihi chini.